Kabla hujafungua kesi: jinsi ya kujua mahakama yenye mamlaka, nyumbani na ng'ambo ya mpaka

Mzee mmoja wa upande wa Meru alinijia na faili lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na hukumu mbili, na zote alikuwa ameshinda. Jirani aliingia shambani kwake akafyeka migomba, mzee akaenda mahakama ya mwanzo kudai fidia ya migomba yake. Akapewa haki. Jirani akakata rufani mahakama ya wilaya, mzee akashinda tena. Karatasi ya tatu ilitoka Mahakama Kuu: mwenendo wote umefutwa, kwa kuwa ubishi wenyewe haukuwa migomba bali mpaka wa shamba, na mahakama ya mwanzo haina mamlaka juu ya ardhi. Miaka minane ilikuwa imekwisha. "Mwanangu," akaniuliza, "kwani mimi si nilishinda?"

Nilimweleza, lakini sidhani kama niliweza kumtuliza. Wanasheria wa Kenya hulieleza jambo hili kwa kesi ya meli Lillian S ya mwaka 1989, ambamo Jaji Nyarangi wa Mahakama ya Rufaa alisema kwamba mamlaka ndiyo kila kitu. Mahakama isiyo nayo haiwezi kupiga hatua moja zaidi, inaweka zana zake chini. Mahakama za Tanzania zinafuata msimamo huohuo. Kuna mambo mawili watu hawaambiwi mapema. Kwanza, wewe na mwenzako hamuwezi kukubaliana kuipa mahakama mamlaka ambayo sheria haikuipa. Pili, hoja ya kwamba mahakama haina mamlaka juu ya aina ya shauri inaweza kuibuliwa wakati wowote, hata kwenye rufani ya mwisho, hata na jaji mwenyewe bila kuombwa na mtu.

Kwa hiyo fuata hatua hizi kabla hujalipa ada. Nimeandika zaidi kwa sheria za Tanzania Bara na nimegusa Kenya pale mpaka unapohusika. Namba za vifungu nimezikwepa makusudi: toleo la sheria la 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, limebadilisha nyingi, na bado watu wanabeba hati zenye namba za zamani.

Hatua ya 1: Anzia mwisho

Usianze na swali la nani mwenye haki. Anza na hili: nikishinda, nitakamata nini, na kiko wapi? Chukua karatasi uandike mali zote za mdaiwa unazozifahamu: nyumba, gari, akaunti ya benki, duka, ng'ombe. Mbele ya kila kimoja andika wilaya na nchi kilipo.

Tutumie mfano mmoja tutakaokwenda nao. Tuseme mama mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, Karatu, amempa mzigo mnunuzi wa Nairobi anayeuza soko la Marikiti. Deni ni shilingi milioni 64 za Tanzania. Gari la kubebea mzigo lina namba za Kenya, akaunti ya mnunuzi iko Nairobi, na Tanzania hana hata kiti. Karatasi ya mama huyu imeshamwambia jambo kubwa: hata akishinda Karatu, dalali wa mahakama wa Karatu hana cha kushika.

Hatua ya 2: Jua shauri lako ni la aina gani

Hapa ndipo kesi nyingi hufia, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Sheria imegawa mashauri kwa aina na kila aina ina mlango wake. Ukigonga mlango usio wako, hata hakimu akuonee huruma vipi hawezi kukusaidia.

*Ardhi.* Kwa Tanzania Bara, mahakama za mwanzo, za wilaya na za hakimu mkazi hazisikilizi migogoro ya ardhi. Unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kupatanisha tu, halihukumu tena. Likishindwa linakupa cheti cha kuonyesha kwamba usuluhishi haukufanikiwa, na kwa cheti hicho unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila mapatano, unaruhusiwa kuendelea mbele. Usijaribu kuivika ardhi nguo nyingine. "Fidia ya mazao", "kuharibu mali", "kuingia bila ruhusa": kama ili kuamua dai lako ni lazima kwanza ijulikane shamba ni la nani, hilo ni shauri la ardhi. Mzee wa migomba aliangukia hapo.

*Kazi.* Umeachishwa kazi? Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na uende upesi. Kwa kuachishwa kazi una siku 30. Kwa madai mengine ya kazi, kama mshahara, una siku 60. Kenya migogoro ya ajira ina mahakama yake yenye hadhi ya Mahakama Kuu, kama ilivyo kwa mazingira na ardhi.

*Ndoa.* Hapa sheria ni laini zaidi. Mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu zote zina uwezo wa kusikiliza talaka. Ila kwa kawaida huwezi kuingia bila hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa inayosema upatanishi umeshindikana. Na anayeomba talaka awe na makazi yake ya kisheria Tanzania, au awe ameishi nchini mwaka mmoja mfululizo kabla ya kuomba. Walioko Muscat au Minneapolis wanaotaka kuja likizo ya wiki tatu, wamalize talaka na kurudi, waisome sentensi hiyo mara mbili.

*Mirathi.* Mahakama ya mwanzo inashughulikia mirathi inayoongozwa na sheria ya kimila au ya Kiislamu, na marehemu awe alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo lake. Marehemu aliyeishi maisha yake nje ya mila na hakuwa Mwislamu, mirathi yake inapelekwa ngazi ya juu. Kosa ninaloliona kila mwaka ni familia kuzika kijijini kisha, kabla matanga hayajaisha, kufungua mirathi mahakama ya hapohapo kijijini, wakati marehemu aliishi Tabata, Dar es Salaam, miaka thelathini. Kaburi halitoi mamlaka.

*Serikali.* Unamdai wakala wa serikali, halmashauri au shirika la umma? Tangu 2020 mashauri haya hufunguliwa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa, baada ya notisi ya siku 90. Watu bado wanashtaki halmashauri mahakama ya wilaya na wanashangaa kurudishwa.

Kodi ina bodi yake ya rufani. Usiipeleke mahakama ya kawaida.

Kenya ongeza Mahakama za Kadhi: zinashughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Mmoja akikataa, kadhi hana nguvu juu yake. Zanzibar nayo ina Mahakama za Kadhi. Bara haina mahakama ya namna hiyo katika mfumo wa dola.

Hatua ya 3: Pima thamani, bila kuipaka rangi

Kanuni ni kufungua shauri katika mahakama ya chini kabisa yenye uwezo nalo. Kwa Bara, viwango vilivyopandishwa 2016 viko hivi: mahakama ya mwanzo, milioni 50 kwa mali isiyohamishika (ila migogoro ya ardhi inabaki kwenye mlango wake wa Hatua ya 2) na milioni 30 kwa madai mengine. Mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi, milioni 300 na milioni 200. Lakini shauri likiwa la kibiashara, viwango vya mahakama hizo vinashuka hadi milioni 100 na milioni 70. Watu wengi hawakijui kipengele hiki cha biashara. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina milioni 300 kwa kurejesha umiliki wa ardhi au nyumba, na milioni 200 kwa mengine.

Kinachohesabiwa ni dai lenyewe, yaani fedha unayoweza kuitaja na kuithibitisha kwa risiti. Fidia ya jumla, ile ya "usumbufu na maumivu ya moyo", haihesabiwi. Mahakama ya Rufani ilishalimaliza hili katika kesi ya kiwanda cha Urafiki dhidi ya masista wa Usambara, iliyoripotiwa 2006. Kwa hiyo kuongeza fidia ya milioni 500 juu ya deni la milioni 8 hakukupandishi Mahakama Kuu, kunakuchelewesha tu.

Kwenye hati ya madai lazima kuwe na aya inayotaja thamani ya shauri na aya inayoeleza kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka. Aya hii mara nyingi huandikwa mwishoni kwa haraka, sentensi moja: "Mahakama hii ina mamlaka ya kusikiliza shauri hili." Hiyo haitoshi. Andika ukweli unaoleta mamlaka: "Mkataba ulifanyika Karatu tarehe fulani, mzigo ukakabidhiwa Karatu, na deni ni shilingi 64,000,000." Hakimu akisoma hivyo hana la kuuliza.

Kenya viwango vinafuata cheo cha hakimu: kuanzia shilingi milioni 5 za Kenya kwa hakimu mkazi hadi milioni 20 kwa hakimu mkuu. Chini kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayoishia shilingi milioni 1 na kutakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Haigusi ardhi, ajira wala kashfa. Deni la vitunguu, tukikadiria shilingi 20 za Tanzania kwa moja ya Kenya, ni kama milioni 3.2. Madai Madogo haliwezi kuingia, lakini kwa hakimu wa kawaida wa Nairobi ni dai dogo kabisa.

Hatua ya 4: Chagua mahali

Mali isiyohamishika: unashtaki palipo mali. Hakuna njia ya mkato, na hata Uingereza wanaijua kanuni hii kwa jina la jirani yetu, kwani kesi iliyoiweka imara mwaka 1893 iliihusu kampuni ya Msumbiji. Ndugu wanaogombania nyumba ya Tanga wakiwa wote wanaishi London, jaji wa London hatawaamulia hati ya nyumba ile.

Deni na mikataba: anapoishi au kufanyia biashara mdaiwa, au chanzo cha madai kilipotokea, maana yake mkataba ulipofanyika, ulipotakiwa kutekelezwa au ulipovunjwa. Mama wa Mang'ola anaweza kusema Karatu, anaweza kusema Nairobi. Ajali, kipigo, uharibifu wa mali: palipotokea tukio au anapoishi mdaiwa.

Hapa kuna tofauti inayowaponza hata mawakili vijana. Pingamizi la mahali linatakiwa kutolewa mwanzoni kabisa. Mdaiwa akikaa kimya, akatoa ushahidi, kisha akashindwa, asitegemee kuliibua kwenye rufani, labda aonyeshe kwamba haki ilipotoshwa. Pingamizi la aina ya shauri, kama ardhi au kazi, halifi hata miaka ikipita. Ukishtakiwa katika mji usio wako, sema siku ya kwanza.

Zanzibar ihesabu kama mamlaka nyingine ya kimahakama. Ina Mahakama Kuu yake na sheria zake za mwenendo. Mahakama ya Rufani ni ya pamoja, isipokuwa kwa baadhi ya mambo, yakiwemo yaliyoanzia kwa kadhi.

Hatua ya 5: Soma mkataba, hasa upande wa nyuma

Kama mkataba una kipengele cha usuluhishi wa kibinafsi, yaani mgogoro uamuliwe na msuluhishi mliyemchagua nje ya mahakama, mahakama itasimamisha kesi ikiombwa. Anayeomba aombe kabla hajawasilisha utetezi. Akishajibu hoja za madai, ameshaingia mchezoni.

Kipengele kinachouma zaidi ni kile kinachosema migogoro yote itaamuliwa na mahakama za nchi fulani tu. Geuza hati ya shehena ya kampuni kubwa za meli uangalie mgongoni. Maandishi ni madogo kama chawa, na mara nyingi utaona London. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishamwambia mwagizaji wa mizigo aliyeishtaki kampuni ya meli kwamba alichokubali ndicho kinachomfunga. Kenya msimamo ni huohuo: unabanwa na kipengele hicho isipokuwa ulete sababu nzito. Kwamba London ni mbali na mawakili wake ni ghali si sababu nzito, kwa kuwa ulijua hivyo ulipotia saini.

Kwa hiyo wakati wa kujadili kipengele hiki ni siku ya kusaini. Na kama unafanya biashara ya mpaka mara kwa mara, fikiria usuluhishi wa kibinafsi. Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa Mkataba wa New York wa 1958 wa kutambua tuzo za usuluhishi za nje, na tuzo (uamuzi) ya msuluhishi huvuka mipaka kwa urahisi kuliko hukumu ya mahakama.

Hatua ya 6: Panga namna hukumu itakavyovuka mpaka

Hukumu ya Tanzania haina meno Kenya mpaka isajiliwe huko. Sheria ya Kenya ya hukumu za kigeni imeorodhesha nchi ambazo hukumu zake husajiliwa Mahakama Kuu ya Kenya: Australia, Malawi, Rwanda, Seychelles, Tanzania, Uganda, Uingereza na Zambia. Maombi yawe ndani ya miaka 6. Sheria hiyo huangalia pia hukumu imetoka mahakama gani, si nchi tu, kwa hiyo hukumu ya mahakama ya chini usidhani itapokewa kama ya Mahakama Kuu.

Ukija upande huu, Tanzania nayo ina orodha yake. Mwulize wakili aifungue mbele yako badala ya kukujibu kwa kichwa. Na popote hukumu ya kigeni inapoletwa, mahakama yetu itaikataa ikiwa iliyoitoa haikuwa na mamlaka, haikuamua kiini cha shauri, ilimnyima mdaiwa nafasi ya kusikilizwa au ilipatikana kwa udanganyifu. Hukumu ya upande mmoja, ambayo mdaiwa hakutokea, ndiyo hutikisika kwanza. Tunza uthibitisho wa kumfikishia wito kama unavyotunza hati ya nyumba. Kenya, kumpelekea wito mtu aliye nje ya nchi kunahitaji ruhusa ya mahakama kwanza. Wito uliotumwa WhatsApp bila ruhusa hiyo unaweza kuiangusha kesi nzima.

Mirathi ina njia yake. Barua ya usimamizi iliyotolewa Tanzania inaweza kupigwa muhuri upya na Mahakama Kuu ya Kenya ili imfae msimamizi kwa mali iliyoko huko, kwa kuwa nchi zote mbili ni za Jumuiya ya Madola. Hakuna haja ya kuanza kesi upya.

Kwa mama wa Mang'ola, ushauri wangu ni wazi: afungue Nairobi. Mdaiwa yuko huko, mali iko huko, wito utafika kwa bodaboda, na hukumu itakaziwa bila kusajiliwa popote. Nauli ya basi kupitia Namanga ni ndogo kuliko gharama ya kesi mbili.

Na kabla ya kumshtaki mwanadiplomasia aliyekodi gari lako asilipe au aliyekataa kulipa pango, kumbuka ana kinga chini ya Mkataba wa Vienna wa 1961. Kwake utaanzia wizara ya mambo ya nje.

Hatua ya 7: Mahakama za Arusha si ngazi ya rufani

Karibu kila mtu aliyeshindwa kesi huniuliza kuhusu "mahakama ile ya Arusha". Ziko mbili, na hakuna inayosikiliza rufani ya shamba lako.

Mahakama ya Afrika Mashariki inatafsiri Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kupinga sheria au kitendo cha serikali kinachovunja Mkataba huo, bila kulazimika kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Mwaka 2007, katika shauri la Katabazi kutoka Uganda, ilisema haitakimbia kazi yake ya kutafsiri Mkataba eti kwa kuwa ndani ya madai kuna haki za binadamu. Lakini muda ni miezi miwili tu tangu kitendo kutokea au tangu ulipokifahamu, na mwaka 2012 kitengo chake cha rufani kilikataa hoja kwamba ukiukwaji unaoendelea unafungua mlango kila siku.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inapokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja dhidi ya nchi iliyotoa tamko la kuruhusu hilo tu. Tanzania iliondoa tamko lake Novemba 2019, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Rwanda iliondoa lake 2016. Kenya na Uganda hazijawahi kutoa.

Hatua ya 8: Ukipigwa pingamizi au ukirudishwa

Ukiona mdaiwa ameleta pingamizi la awali juu ya mamlaka, kaa chini na wakili wako mlipime kwa ukweli siku hiyohiyo. Kama lina mashiko, kubali, omba kuliondoa shauri na ruhusa ya kulifungua panapostahili. Kubishana miezi kumi ili baadaye uambiwe uende mlango wa pili ni kumlipa wakili kwa hasara yako. Usiombe pia kesi ihamishwe ukidhani hilo litaponya kosa: Mahakama ya Rufaa ya Kenya imesema kesi iliyofunguliwa pasipo mamlaka haiwezi kuhamishwa, maana hakuna cha kuhamisha.

Kisha hesabu siku. Mkataba una miaka 6, madhara ya mwili au mali miaka 3, ardhi miaka 12. Sheria ya ukomo wa muda inaruhusu kuondoa kwenye hesabu muda ulioutumia kwa nia njema na kwa bidii katika mahakama isiyo na mamlaka, lakini ni juu yako kuthibitisha. Siku uamuzi unaposomwa, usitoke uwanjani kabla hujaenda masjala kuomba kwa barua nakala ya uamuzi na ya mwenendo. Gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako ya barua, na uhakikishe tarehe inasomeka. Mzee wa migomba alikuwa na barua hiyo, muhuri wa zambarau umefifia kidogo lakini tarehe ikionekana vizuri. Tulianzia Baraza la Kata.